Pombe Isiyoonjwa

Mzee Nestori alikufa baada ya kunywa kikombe kimoja cha pombe ambayo aliyeileta hakuionja kwanza. Nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi moja, na nilimwona akiinua kikombe, akitabasamu, akinywa mpaka mwisho. Kwa watu wa Rumonge habari hiyo inatosha. Kwao, anayekukaribisha kinywaji hukionja yeye kwanza mbele ya macho yako, kiwe pombe, chai au maji ya mtungi. Akikupa bila kuonja, ama hakufundishwa adabu, ama amekusudia jambo. Eliza, aliyeleta pombe ile, alikuwa amefundishwa adabu. Hilo ndilo lililowatisha watu.

Nayakumbuka haya sasa kwa sababu majuzi nilikwenda kumzika Mama Goreti, mjane wa Nestori. Nilishuka Rumonge sokoni, kwenye harufu ileile ya mawese na dagaa wakavu, nikauliza njia kama mgeni, maana nyumba tuliyoishi sote mwaka ule haipo tena. Ziwa limeichukua. Lilianza kwa kuingia kwenye vyoo, likapanda hadi jikoni, na sasa chumba nilichoandikia tasnifu yangu kiko chini ya maji. Ukisimama kwenye mwinuko walikohamia watu unaona vichwa vya michikichi iliyokufa ikiwa bado imesimama ziwani. Watu waliokuja mazishini walikuwa wakiionyeshana kwa kidevu. Nami niliitazama nikajaribu kukisia palipokuwa na mlango, palipokuwa na benchi, na palipokuwa na ule ukuta.

Ukuta ndio ulionipeleka pale. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii Bujumbura. Masomo ya darasani yalikuwa yamekwisha, ikabaki mazoezi ya kazi na tasnifu, na mimi nilichagua kuandika juu ya familia zinazogawana uwanja mmoja: waliobaki na wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania. Profesa wangu alifurahi. Alisema nikae na watu, nile wanachokula, nisihukumu. Kwa hiyo nikapanga chumba katika nyumba ambayo wagawaji ardhi walikuwa wameikata katikati kama mkate. Upande wa juu waliishi Nestori na mkewe, waliokuwa wamelima na kupanda michikichi pale tangu ujana wao. Upande wa ziwani aliishi Eliza, mjane mwenye watoto, aliyerudi kutoka kambini kudai uwanja ambao baba yake aliuacha alipokimbia. Ukuta wa matofali ya udongo ulijengwa kutoka sakafuni mpaka darini, ila sebule ya zamani haikukatika, kwa sababu boriti iliyoshika paa lote ilipita juu yake na fundi alikataa kuigusa. Sebule hiyo ikawa haina mwenyewe, na ndiyo niliyopangishwa. Ilikuwa na milango miwili, mmoja kila upande, na mimi katikati.

Niliishi kwa kubadilishana meza. Siku moja nilikula kwa Mama Goreti: ugali wa muhogo uliokandwa mpaka ukang'aa, dagaa waliokaangwa kwa mawese, na mchicha wanaouita lengalenga. Siku ya pili nilikula kwa Eliza: ugali wa mahindi na maharage, kwa sababu kambini walizoea mahindi na watoto wake hawakuupenda muhogo. Pande zote mbili, kabla sijapewa kikombe cha chai, mwenye nyumba alikigusa kwa midomo yake, akameza, akanipa kwa mikono miwili. Mwanzoni nilidhani Mama Goreti anapima kama chai ni moto. Ni Nestori aliyenicheka. "Mwanafunzi, weye umetoka muji gani? Asiyeonja iko na kitu nyuma ya mukono." Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono iliyotiwa wekundu na mawese, na kicheko kilichoanza kabla mzaha haujaisha. Alipenda kuongea Kiswahili na Eliza kuliko Kirundi, kwa sababu Kirundi cha Eliza kilikuwa kimechakaa ugenini, na Kiswahili chake cha Tanzania kilimchekesha. "Sikiliza huyu," aliniambia, "anaongea kama radiyo."

Nikitazama nyuma, siwezi kusema kwamba walichukiana. Nililiuliza swali hilo kwa njia zote nilizofundishwa, na kila upande ulijibu kwa heshima. Lakini nilikuwa na masikio, na ukuta ule ulikuwa wa udongo. Jioni, upande wa juu, Mama Goreti alikuwa akisema: "Leo anachuma majani ya mihogo, kesho atachuma sisi." Na upande wa chini nilimsikia Eliza akiomba kwa sauti, akiwataja jirani zake kwa majina, akimwomba Mungu awape moyo wa nyama. Sikujua kama sala ile ilikuwa ya kuwaombea au ya kuwashitaki. Mama Goreti aliisikia pia. Asubuhi aliniuliza, bila kunitazama, "Mutoto wangu, kwao Tanzania wanatajaka watu majina mbele ya Mungu, hata kama hawajakufa?"

Ugomvi ulianza na mchikichi uliosimama juu ya mpaka. Mizizi yake ilikuwa pande zote mbili, na wagawaji waliuacha hivyo. Eliza alikata mikungu miwili ya chikichi iliyoelekea kwake, akakamua, akauza mawese yake sokoni. Nestori hakupiga kelele. Alikwenda kwa wazee wanaoamua kesi za mtaa, bashingantahe, nao wakakaa uani kwetu mchana mzima wakisikiliza. Wakaamua kwamba Eliza alikosea kukata bila kumwambia jirani, na kwamba Nestori alikosea kupeleka kesi kabla ya kubisha mlango. Lakini kosa la kwanza ndilo lililovuta la pili, kwa hiyo Eliza alete pombe ya kupatana, inywewe mbele ya watu, na mti ule uchumwe kwa zamu. Wote wakakubali. Nilifurahi mno. Nilimpigia profesa simu, nikamwambia nimepata sura nzima ya tasnifu, na mwisho wake ni mwema.

Sikufikiria jambo moja, na nadhani hakuna aliyelifikiria siku hiyo, hata wazee. Eliza alikuwa mlokole. Aliokoka kambini, na kanisa lake lilikataza pombe kugusa midomo. Alikwenda kwa mchungaji wake kuuliza, akarudi na jibu ambalo kwake lilionekana safi: anaweza kuinunua kwa ajili ya amani, anaweza kuibeba, anaweza kuimimina, lakini isipite kinywani mwake. Akamtafuta mwanamke mpishi wa urwarwa, pombe ya ndizi, kule Kigwena, akarudi amejitwisha kidumu cha njano kilichozibwa kwa jani la mgomba. Aliniambia mambo haya akiwa na furaha ya mtu aliyepita kwenye mlango mwembamba bila kuchanika nguo.

Siku ya kupatana benchi zilipangwa uani, nusu upande wa juu, nusu upande wa chini. Wazee walikuwepo, chefu, yaani kiongozi wa mtaa, alikuwepo, na majirani waliokuja kutazama. Eliza alivaa kitenge chake cha kanisani. Alifungua kidumu, akamimina kikombe kilichojaa, akapiga magoti kidogo, akakinyoosha kwa Nestori. Nestori hakukipokea. Alikuwa anangoja. Nasi sote tulingoja. Kuku walipita katikati yetu.

"Eliza," akasema kwa upole, "hauonje?"

"Mzee, unaujua wokovu wangu. Siwezi kuitia mdomoni. Lakini nimeileta kwa moyo mweupe."

Kwenye benchi la nyuma mtu mmoja akacheka. "Weye mulokole! Mungu wako anaogopa pombe zote, ao anaogopa hii yenyewe?" Kicheko kikapita, kikakatika. Mzee mmoja akasema basi iletwe siku nyingine, na mtu mwingine wa kuonja. Mwenzake akamjibu kwamba kuonja hakutumwi. Anayetoa ndiye anayeonja. Mama Goreti alikuwa amesimama mlangoni mwake amefunga mikono. Eliza bado alikuwa amekinyoosha kikombe, na mikono yake ilianza kutetemeka kwa uzito, au kwa jambo jingine. Niliandika neno hilo, "kutetemeka", na baadaye watu walilitumia sana, kwa hiyo nataka kusema wazi: mkono wowote unatetemeka ukishika kikombe kilichojaa muda mrefu kiasi kile.

Nestori akakipokea. "Kama nitangojea mulokole alewe," akasema, "nitakufa na kiyu." Watu wakacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akanywa. Alikunywa polepole, mpaka mwisho, akapindua kikombe kuonyesha kwamba hakukubaki kitu, akasema, "Murakoze, jirani. Iko muzuri." Nilimwangalia vizuri kwa sababu ndiyo kazi niliyojipa. Alikunywa kama mtu anayejua anachofanya. Kidumu kikazungushwa. Mmoja akasema anameza dawa za hospitali. Mwingine alikuwa na safari. Chefu akasema kichwa kinamuuma. Hakuna mwingine aliyekunywa. Eliza akakizibua kidumu mara mbili kuwakaribisha, mara mbili akakiziba, kisha akakiweka kwenye kizingiti cha Mama Goreti, kwa sababu zawadi hairudi ilikotoka.

Kesho yake Nestori hakwenda kukamua mawese. Niseme niliyoyaona na niliyoambiwa, kila moja mahali pake. Niliona kwamba alilala ubavu, akikunja magoti, na kwamba macho yake yalikuwa ya njano. Niliambiwa, na mkewe mwenyewe, kwamba tumbo lilikuwa likimsumbua tangu mvua za kwanza, na kwamba alikuwa akificha. Niliambiwa na muuguzi wa kituo cha afya kwamba ni ini, na kwamba ini haliharibiki kwa usiku mmoja. Lakini muuguzi yuleyule, nilipokuwa natoka, aliniita nyuma akauliza: "Ni kweli hakuonja?" Eliza alipika uji, akauleta mlango wa juu, akanywa kijiko kizima mbele ya Mama Goreti, akasubiri. Mama Goreti alilipokea bakuli, akashukuru, akaliweka chini. Lilikaa pale mpaka inzi wakalifunika. Kabla ya wiki kwisha tulimzika Nestori.

Baada ya hapo uwanja ule ulibadilika sauti. Sokoni watu hawakusema "alikufa", walisema "alipewa". Akina mama waliacha kununua mboga za Eliza. Jioni mawe yalianza kuanguka kwenye bati, upande wake tu, mojamoja, kama mtu anayehesabu. Watoto wake waliacha shule. Vijana wa mtaa walipita mbele ya mlango wakisema kwa sauti ya kawaida, kama wanaozungumza juu ya mvua, kwamba nyumba ya mrozi, mtu anayeua kwa sumu, huchomwa. Nilikwenda kwa chefu. Akaniambia, na sikuweza kumlaumu, kwamba jambo ni rahisi: kidumu kipo, na kilichobaki ndani kipo. Kipelekwe polisi, polisi wakipeleke Bujumbura, kipimwe. Kikiwa safi yeye mwenyewe atasimama sokoni atangaze. Kisipokuwa safi, sheria iko. "Uambie mama akitoe," akasema. "Weye unakula kwake."

Nilimwambia Mama Goreti. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. "Bido iko kwangu," akasema, ndivyo alivyokiita kidumu. "Itatoka siku nitataka." Nikamweleza kwamba bila kipimo Eliza atauawa, na watoto wake. "Nani atamuua?" akauliza. "Wanajua bido iko kwangu. Wananingoja mimi." Ilikuwa kweli. Vijana walikuwa wakingoja mjane aseme, na mjane hakusema, na mawe yalianguka lakini moto haukuja. Nilikaa kwenye chumba changu cha katikati, nikisikia kupitia mlango mmoja ungo ukipepetwa, na kupitia mlango wa pili Eliza akiomba, sasa bila kutaja majina, na sikuweza kujua kama kidumu kile kilikuwa kinamlinda au kinamkaba. Darasani tulifundishwa kuuliza mteja wako ni nani. Niliuliza kila siku.

Eliza ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Siku ya kumaliza matanga, watu wakiwa wamejaa uani, alikuja upande wa juu. Watu wakampisha kama anayebeba moto. Akasimama mbele ya mlango wa Mama Goreti, akasema kwa Kiswahili chake cha redio, kila neno likisikika: "Mama Goreti, nakuomba kidumu. Nitakinywa hapa, mbele ya watu wote. Mungu atanisamehe."

Nilimwona mchungaji wake ukutani akiinamisha kichwa. Nilimwona chefu akipumua. Hata waliomtupia mawe, nadhani, walitaka anywe, yaishe. Mama Goreti alimtazama bila hasira niliyoweza kuiona.

"Siku ya kuonja ilipita," akasema. Akaingia ndani, akafunga.

Miezi michache baadaye nilitetea tasnifu yangu mbele ya jopo la walimu, katika ukumbi wenye feni mbovu. Mmoja wao, aliyekuwa ameisoma yote, alifunga karatasi zake akaniuliza: "Kwa hiyo alipewa sumu, au hakupewa?" Nikamjibu kwamba sijui. Wakanong'onezana, wakanipa alama nzuri, na profesa wangu akasema nimeonyesha ukomavu. Tangu siku hiyo nimefanya kazi hii mpaka nywele zimeota mvi, na nimewafundisha wengine kutohukumu, na kila nikilisema neno hilo darasani namwona Eliza amenyoosha kikombe.

Ziwa lilipopanda, upande wa Eliza ndio uliozama kwanza, na hapo mambo yakaenda nisivyotarajia. Mama Goreti alimfungulia mlango wa chumba changu cha zamani. Mlango wa upande wake. Waliishi hivyo mpaka maji yakamfuata yeye pia, na walipopewa viwanja kwenye mwinuko, waliomba viwe jirani. Chefu mpya aliniambia hivyo mazishini, akashangaa kwamba nashangaa.

Eliza nilimwona mara tu nilipofika. Amekonda, kichwa chote kimekuwa cheupe. Alikuwa akiwahudumia waombolezaji maji na juisi ya ndizi, na kila kikombe alikionja. Hata chupa za maji zilizofungwa kiwandani alizifungua, akamimina tone kiganjani, akalamba, ndipo akatoa. Mahali pa pombe hakupakaribia. Watu walipokea, wakashukuru, murakoze, na niliona kwamba baadhi waliviweka vikombe chini ya benchi. Alinikumbatia. "Mwanafunzi," akasema, "umezeeka kama mimi."

Goreti, binti ambaye mama yake aliitwa kwa jina lake, anafanya biashara ya mawese Nyanza-Lac na alikuwa amekuja wakati wa ugonjwa. Alinishika mkono akanipeleka chumbani mwa marehemu, akapiga magoti, akavuta kitu chini ya kitanda. Kilikuwa kile kidumu. Njano yake imefifia, jani la mgomba lilishaoza zamani na mahali pake pamefungwa nailoni nyingi kwa uzi wa nyavu. Mbavu zake zimetuna. Mama yake alikihamisha kutoka nyumba iliyozama, Goreti alisema, kabla ya godoro.

"Alisema kifanyiwe nini?"

"Alisema kisitupwe. Hakusema kwa nini." Akakaa kitandani. "Dada, kuna jambo jingine. Mwisho mama alikataa chakula changu. Eliza ndiye alimulisha. Uji, kila asubuhi, mpaka siku ya mwisho."

"Alikuwa anauonja?"

"Alitaka. Mama alimukataza. Alimwambia, nipe hivyo hivyo." Aliisema polepole, kama mtu anayeweka chombo chenye ufa. "Kwa hiyo mama alimusamehe, sindiyo? Ao mama alikuwa anatafuta kujua? Weye ulisomea mambo haya. Nikipeleke kipimwe? Nikimwage?"

Nje, Eliza alikuwa anatuita tukale. Nilimwambia Goreti nitafikiri. Akakisukuma kidumu kikarudi chini ya kitanda, tukasikia kilichomo kikicheza ndani, tukatoka.

Juzi nilimpigia. Atakaa pale mpaka kumaliza matanga, alisema. Kidumu kiko palepale, hajakigusa. Tumbo linamsumbua kidogo, labda ni maji ya huko juu. Eliza ni mtu mwema, anamletea uji kila asubuhi. Nikamwuliza kama anaunywa.

"Eliza iko hapa mulangoni, dada," akasema. "Tutaongea."

Hajanipigia tena.